Ndovu wa Tabora na Mizani Zake Mbili

Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni methali ipendwayo na wachuuzi, na wasomi nao huitumia wanapotaka kuisifu kazi ya sanaa ambayo haikupigiwa debe. Ndani yake mna dai kubwa, kwamba thamani imo katika kitu chenyewe, imetulia humo kama utamu ulivyotulia ndani ya muwa, na mnunuzi hana kazi ila kuitambua. Dai hilo lafaa kuhojiwa, na kitu kimoja kilichotengenezwa Tabora mwaka 1916 chaweza kulihoji vyema kuliko hoja nyingi za vitabuni.

Kabla ya kufika Tabora inafaa kupita mbali kidogo. Nchini Marekani watu wazima hukusanya kadi za wachezaji ambazo asili yake ni vitu vya watoto na wavuta sigara. Kadi ya mchezaji wa besiboli Mickey Mantle, iliyochapwa na kampuni ya Topps mwaka 1952 ili iuzwe kwa senti chache pamoja na ubani wa kutafuna, ilinunuliwa mwaka 2022 kwa dola milioni 12.6. Kadi ya Honus Wagner, iliyotiwa katika pakiti za sigara kati ya mwaka 1909 na 1911, ilinunuliwa mwaka huohuo kwa dola milioni 7.25. Mtu aliyezibuni kadi za mwaka 1952, Sy Berger, alisimulia jinsi masanduku ya kadi zilizobaki ghalani yalivyopakiwa katika tishari na kumwagwa baharini mwaka 1960, kwa kuwa hapakuwa na aliyezitaka hata bure. Chema hicho basi hakikujiuza. Kilidoda, kikatoswa, na kule kutoswa kwake ndiko kulikokipa bei kile kidogo kilichosalia.

Watu wa njia ya misafara hawangestaajabia kisa hiki. Njia itokayo Bagamoyo, ikakatiza Ugogo, ikaingia Unyanyembe na kuishia Ujiji, ilikuwa skuli ya thamani muda mrefu kabla ya kuwapo minada ya namna hiyo. Richard Burton alipoingia Kazeh, yaani Tabora ya Waarabu na Waswahili, Novemba 1857, alikuwa amekwisha kujifunza kwa hasara kwamba shanga si shanga tu. Katika kitabu chake cha mwaka 1860 alihesabu aina zipatazo 400, kila moja na jina lake, bei yake na nchi yake. Iliyoshinda zote kwa kupendwa ilikuwa samesame, shanga nyekundu yenye moyo mweupe. Watu waliipa majina ambayo ni uhakiki tosha: kimaliza masurufu, na kivunja mji. Mwenye kuipa shanga jina la kivunja mji alikwisha kuelewa kwamba kigae kidogo cha kioo chaweza kuwa na nguvu isiyotokana na kioo, na kwamba nguvu hiyo yaweza kuiingia nyumba na kuifilisi.

Tajiri wa msafara aliyekosea kuchagua shanga pale Unguja au Bagamoyo alichukuliwa mzigo mzito wa bure kwa muda wa miezi mitatu. Rangi iliyolipa hongo katika nchi moja ilikataliwa kwa dharau katika nchi ya pili, na rangi iliyotamaniwa mwaka jana iligeuka takataka mwaka huu kwa sababu wanawake wa mahali fulani walikwisha kuichoka. Kwa hiyo misafara ilibeba, pamoja na shanga, merikani na kaniki, kitu kisichoonekana, nacho ni habari: nani anapenda nini, wapi, na tangu lini. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ndiye Tippu Tip, alipoyasimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, simulizi lake lilijaa frasila za pembe na hesabu za bidhaa. Msomaji wa leo aweza kuchoka na hesabu hizo, lakini kwake mwandishi hesabu ndiyo ilikuwa kiini cha hadithi. Aliyejua bei ya kitu hapa na bei yake kule ndiye aliyetawala katikati.

Katika mji huo uliozoea kupima vitu kwa macho ya wengine ndipo ilipozaliwa sarafu ya dhahabu ya rupia 15.

Fedha za koloni la Kijerumani zilikuwa zikipigwa Ujerumani na kuletwa kwa meli. Kwanza zilikuwa pesa na rupia, kwa hesabu ya pesa 64 katika rupia moja. Kisha, baada ya mageuzi ya mwaka 1904, rupia ikagawanywa katika heller 100. Vita vilipoanza mwaka 1914, bahari ilifungwa na manowari za Kiingereza. Serikali ya Gavana Schnee ikajikuta ina askari na wapagazi wa kulipwa, na haina fedha ya kuwalipa. Reli ya kati ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na karakana yake ya Lulanguru, karibu na Tabora, ilikuwa na mashine. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke katika nchi ya Wanyiramba. Kwa vitu hivyo viwili, yaani mashine za kutengenezea garimoshi na dhahabu ya Sekenke, zilipigwa sarafu 16,198 katika mwaka 1916. Mnamo tarehe 19 Septemba mwaka huo majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora, na kazi hiyo ikawa imekwisha.

Sarafu yenyewe ni ndogo, haizidi kucha ya kidole gumba kwa mengi. Uzito wake ni gramu 7 na kitu kidogo, na robo tatu ya uzito huo ni dhahabu safi. Upande mmoja una tai wa dola ya Kijerumani na jina la koloni. Upande wa pili una ndovu aliyeinua mkonga akipiga baragumu, milima ikiwa nyuma yake, na chini yake mwaka 1916 pamoja na herufi moja tu: T. Herufi hiyo ndiyo Tabora. Mji uliowahi kuandikwa katika ramani na vitabu vya safari vya Wazungu wengi uliandikwa hapa kwa herufi moja juu ya dhahabu.

Kwa upande wa fani, kazi hii ina mvutano unaostahili kutazamwa. Tai ni mkavu na rasmi, amekaa kama muhuri wa ofisi, naye ni yuleyule anayepatikana katika kila sarafu ya dola yake. Ndovu ana uhai. Amekanyaga ardhi, ana uzito, na mkonga wake unavunja utulivu wa duara. Jicho la mtazamaji humwacha tai upesi na kubaki kwa ndovu, na huu ni ushahidi kwamba mchongaji aliipenda sura moja kuliko nyingine. Maandishi ya wajuzi wa sarafu yanamtaja sonara wa Kisinhala, mtu wa Ceylon, kuwa ndiye aliyechonga vyuma vya kupigia. Jina lake halimo katika sarafu. Jina la dola limo, la bara limo, thamani imo, mwaka umo, na hata mji una herufi yake. Mkono uliofanya kazi ndio pekee usiokuwa na alama.

Kwa upande wa maudhui, ndovu huyo anasema zaidi ya alivyokusudiwa na waliomwagiza. Amesimamishwa mbele ya milima mirefu, ilhali Tabora ni nchi ya tambarare na miombo. Picha hiyo ni ya Afrika kama ilivyotakiwa ionekane na macho ya mbali. Tena ndovu huyu yu mzima, ana pembe zake mwenyewe. Katika njia ya misafara ndovu alipita vingine kabisa: alipita akiwa pembe peke yake, mabegani mwa Wanyamwezi na watu wa makabila mengine, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi, ambazo ni zaidi ya kilo 30. Kwa hiyo sarafu inamrudishia ndovu mwili wake, na papo hapo inawafuta watu waliombeba. Mtu akiitazama kwa makini ataona pengo chini ya miguu ya mnyama, mahali ambapo njia ingepasa kuonekana.

Sasa yafaa kuingia katika suala la bei. Rupia 15 zilikuwa sawa na mark 20 za Kijerumani, na zilikaribiana na pauni moja ya dhahabu ya Kiingereza. Leo sarafu hiyo huuzwa katika minada ya Ulaya na Marekani kwa dola elfu kadhaa, mara nyingi ya bei ya dhahabu iliyomo. Wakusanyaji wameigawa katika namna mbili kwa tofauti ndogo mno: nakshi iliyo upande wa tai huishia chini ya herufi A au chini ya herufi T ya neno la Kijerumani la Afrika ya Mashariki. Tofauti hiyo ndogo hutosha kubadilisha bei. Baada ya hapo hutazamwa usafi: mikwaruzo, mng'aro, ukingo. Kampuni za kupima huipa sarafu alama katika mizani ya 1 hadi 70, kisha huifungia katika kisanduku cha plastiki, kama vile kadi za wachezaji zinavyopewa alama hadi 10 na kufungiwa. Tangu saa hiyo hakuna kidole kitakachoigusa.

Dhidi ya mizani hii kuna mizani nyingine, kongwe zaidi. Katika pwani na bara, dhahabu ya sarafu ilikuwa na makao yake ya haki shingoni na masikioni mwa wanawake. Sonara alitia pete juu ya sarafu, akaitundika katika mkufu, nayo ikapita kutoka kwa bibi hadi mjukuu siku ya harusi. Baadhi ya ndovu wa Tabora walipata maisha hayo, na dalili zake huonekana katika orodha za minada, ambamo sarafu yenye alama ya kuungwa pete huelezwa kuwa imeharibika na hupunguziwa bei. Hapa ndipo mizani mbili zinapogongana waziwazi. Tundu lilelile ambalo kwa familia lilikuwa mwanzo wa thamani, kwa mkusanyaji ndilo mwisho wake. Kwa mmoja, sarafu iliyovaliwa ni sarafu iliyoishi. Kwa mwengine, bora ni ile ambayo haikuwahi kutumika, haikulipa askari, haikununua ng'ombe, wala haikuhudhuria harusi. Soko linailipa zaidi sarafu ambayo karibu haina la kusimulia.

Mkusanyaji hastahili kulaumiwa bila kusikilizwa. Bila yeye, ndovu wengi zaidi wangekwisha kuyeyushwa. Ni wakusanyaji waliohesabu namna za nakshi, waliohifadhi habari za Lulanguru na Sekenke, na waliomkumbuka walau sonara wa Kisinhala ambaye sarafu ilimsahau. Kupenda kitu mpaka kuijua kila mikwaruzo yake ni aina ya usomaji, na wahakiki wa fasihi wangeweza kujifunza subira yao. Upungufu wao u mahali pengine. Orodha ya mnada ni utanzu wa maandishi wenye kanuni zake: husema uzito, ukubwa, hali, uadimu na bei, kisha hunyamaza. Huijua ngozi ya kitu kuliko mwenye kitu, lakini haiulizi nani alichimba, nani alibeba, nani alilipwa kwacho na nani alikosa. Ni uhakiki wa fani uliokata shauri kwamba maudhui si kazi yake. Kiswahili kimekuwa na ubishi mrefu juu ya fani na maudhui, na wasomi wake wanajua hatari ya kuvitenganisha.

Kuna ushahidi mwingine unaoondoa wepesi wa kusema kwamba kitu hupata thamani kwa kuzeeka. Katika vita hivyohivyo zilichapwa noti za dharura kwa jina la Benki ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, nyingine zikipigwa kwa herufi za mpira porini, juu ya karatasi yoyote iliyopatikana. Vita vilipokwisha, aliyeahidi kuzilipa hakuwapo tena nchini. Mpagazi au mkulima aliyepokea noti hizo kwa jasho au kwa nafaka alibaki na ahadi isiyo na mwenyewe. Noti hizo zina umri sawa na ndovu, tena huzuni yake ni kubwa zaidi, lakini nyingi katika zile za kawaida hununuliwa leo kwa bei ndogo kwa sababu zilichapwa kwa wingi na zimesalia kwa wingi. Kadi za Marekani za mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 zina kisa kama hicho: zilichapwa kupita kiasi, watu wakaziweka sandukuni kama akiba ya uzeeni, na sandukuni zimekaa bila ya kupanda bei. Uzee peke yake hauna soko. Soko hutaka uadimu, na uadimu haujali nani aliumia.

Pamoja na dhahabu, Tabora ilipiga pia sarafu ndogo za heller 5 na heller 20, kwa shaba nyekundu na shaba ya manjano iliyookotwa huku na huku wakati wa vita. Hizo zilipigwa haraka, sura zake si nzuri, na wakusanyaji huzinunua kwa sehemu ndogo ya bei ya ndovu. Hata hivyo, heller ndiyo iliyofanya jambo ambalo dhahabu haikuliweza. Iliingia katika vinywa vya watu. Neno hela, litumiwalo leo na mamilioni ya wasemaji wa Kiswahili wanapotaka kutaja fedha ya aina yoyote, linatokana na sarafu hiyo duni. Mtoto wa Dar es Salaam anayeomba hela ya daladala anaitumia sarafu iliyokufa zaidi ya miaka 100 iliyopita, na anaitumia bila ya kuipunguza. Rupia 15 za dhahabu, zilizopigwa kwa ustadi na kuuzwa kwa maelfu, hazikuacha neno hata moja. Pakiwepo mizani ya tatu, ya lugha, katika mizani hiyo shaba imeizidi dhahabu.

Yote haya yangekuwa mazungumzo ya baraza tu kama pasingekuwa na jambo linaloweza kupotea. Lipo. Katika miaka ya 2020 bei ya dhahabu duniani imepanda kuliko wakati wowote uliotangulia, na kila inapopanda mikufu ya zamani hutolewa makashani. Mwenye ndovu wa Tabora anayekwenda kwa sonara hupimiwa kwa mizani ya uzito: gramu tano na kitu za dhahabu safi, basi. Akikubali, ndovu huyeyuka siku hiyohiyo, na familia hupata sehemu ndogo ya kile ambacho ingepata kwa mkusanyaji. Akipata bahati ya kumjua mkusanyaji, ndovu husafiri kwenda kufungiwa katika plastiki ng'ambo, na pete yake hukatwa au huandikwa kuwa kasoro. Katika njia zote mbili kinachopotea ni kilekile: habari za nani aliivaa, aliipataje, na kwa nini hakuiuza katika miaka ya njaa.

Kumwambia mwenye shida asiuze ni maneno ya mtu aliyeshiba. Familia ina haki ya kuuza, tena kwa bei ya juu kabisa, na ujinga wa bei haufai kugeuzwa kuwa uzalendo. Ila kuna jambo lisilohitaji fedha nyingi. Wahenga haohao waliosema chema chajiuza walisema pia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lililotakiwa na njia ya misafara lilikuwa la hesabu. Linalotakiwa sasa ni la masimulizi. Kabla ya sarafu kupimwa, na ipigwe picha ikiwa na pete yake, na aandikwe aliyeivaa, mwaka wa harusi, kijiji, na maneno yaliyosemwa ilipokabidhiwa. Makumbusho, vyuo na majarida ya nchi hizi yanaweza kazi hiyo, na mwalimu wa skuli mwenye wanafunzi wadadisi anaiweza pia. Kipande cha karatasi cha namna hiyo kitakuwa na kitu ambacho orodha ya mnada haijawahi kukiandika.

Na hapo methali ya kwanza yaweza kusomwa upya. Chema hakijiuzi. Samesame iliuzwa na macho ya wanawake wa bara, kadi ya Mantle iliuzwa na ukumbusho wa utoto wa watu waliokwisha kuzeeka, na ndovu anauzwa na kisa cha karakana ya reli iliyopiga dhahabu wakati adui yu njiani. Kila kimoja kina watu nyuma yake waliokisemea. Ndovu wa Tabora amesemewa kwa Kijerumani na kwa Kiingereza kwa zaidi ya miaka 100, tena amesemewa vizuri. Kwa Kiswahili, lugha ya njia iliyompitisha na ya shingo zilizombeba, bado anangoja.